Nairobi hadi New York: umbali ni kilomita ngapi, na safari huchukua saa ngapi hasa?

Mwana wa Kisauni ameuliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Mama yangu, ambaye ninaishi naye hapa Mombasa na ambaye amekwishapita umri wa miaka sabini, anatarajia kwenda New York kumwona dada yangu na wajukuu zake. Hajawahi kukaa ndani ya ndege kwa zaidi ya saa moja, na anatumia dawa za shinikizo la damu kwa wakati maalumu kila siku. Ndiyo maana ninataka kuielewa safari yenyewe kabla sijalipia tiketi.

Jambo la kwanza ni umbali. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy nimekuta takwimu tatu: 11,840, kisha 7,360, na mahali pengine 6,390. Sielewi inawezekanaje njia moja iwe na vipimo vitatu vinavyotofautiana kiasi hicho.

Jambo la pili ni muda. Wakala mmoja wa tiketi alinionyesha ratiba ya ndege inayoondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25 asubuhi, akaniambia kwamba safari ni ya saa saba. Dada yangu anasema ni saa kumi na tano, na kwamba wakati wa kurudi muda hupungua. Ikiwa umbali ni uleule, kwa nini kwenda na kurudi visilingane?

Tatu, nimeshauriwa kwamba kuna tiketi za bei nafuu zinazopitia Dubai au Amsterdam. Ningependa kujua ni umbali gani unaoongezeka kwa kupita huko, kwa sababu nauli ndogo haitakuwa na faida ikiwa mama atafika akiwa hoi.

Mpangasafari Mstaafu amejibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nilifanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na maswali yako ndiyo yale tuliyokuwa tukiyashughulikia kila siku, kwa hiyo nitayajibu kwa utulivu.

Takwimu zako tatu zote ni sahihi, na zote zinaeleza umbali mmoja. Zinatofautiana kwa kipimo kilichotumika. Kilomita ni 11,840 hivi. Ukizigeuza kuwa maili za nchi kavu, ambazo kila moja ina mita 1,609, utapata takribani 7,360. Marubani na mabaharia hutumia maili ya baharini yenye mita 1,852, na kwa kipimo hicho umbali unakuwa takribani 6,390. Tovuti nyingi huandika neno "maili" bila kufafanua ni ipi, na hapo ndipo msomaji anapopotea.

Umbali huo unapimwa kwa kufuata uso wa dunia, ambayo ni mviringo, kwa njia fupi kuliko zote inayoweza kuunganisha viwanja hivyo viwili. Ukichukua ramani bapa ya ukutani na kuweka rula kutoka Nairobi hadi New York, utadhani kwamba ndege inapaswa kukata katikati ya Afrika Magharibi na kuiacha pwani ya Mauritania. Lakini ukichukua tufe na kuvuta uzi kati ya miji hiyo mpaka ukaze, utaona kwamba uzi unaelekea kaskazini-magharibi moja kwa moja. Unapita kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, unagusa eneo la mpakani mwa Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati, unaikata Chad, kisha pembe ya Niger, halafu Algeria kwa mapana yake, na kutoka pwani ya Morocco karibu na mji wa Safi. Baada ya hapo unaingia Atlantiki, unapita karibu na visiwa vya Azores, na kufika kaskazini kiasi cha latitudo ya 42 kabla ya kuteremka kidogo kuelekea New York. Njia hiyo huitwa duara kuu, na ndiyo inayotumiwa na kila tovuti inayokokotoa umbali kati ya viwanja.

Hata hivyo, ndege halisi haifuati uzi huo kikamilifu. Wapangaji wa safari huangalia hali ya hewa, vibali vya kupita katika anga za nchi mbalimbali, na usalama. Vita vilipoanza Khartoum mwezi wa Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga yake baada ya mapinduzi na kuifungua tena mwezi wa Septemba. Nchi zote mbili ziko kwenye uzi niliokueleza, na katika vipindi kama hivyo ndege hulazimika kuzunguka. Kwa hiyo chukulia kilomita 11,840 kuwa kiwango cha chini; kwa kawaida ndege husafiri mbali zaidi ya hapo.

Nikija kwenye swali la kwenda na kurudi, sababu kubwa ni upepo. Katika sehemu za kaskazini za Atlantiki, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili ambako ndege kubwa husafiri, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini kasi yake inaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda New York inakutana nao usoni, nayo inayorudi Nairobi inasukumwa nao. Ninyi watu wa pwani mnalijua jambo hili kuliko sisi wa bara, kwa kuwa jahazi linalokwenda mbisho halifiki kwa siku zilezile za jahazi lenye upepo wa nyuma.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Boeing 787, ndiyo Dreamliner inayotumika katika njia hii, husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa inayoizunguka. Tuchukulie kwamba kwa wastani wa njia nzima upepo ni kilomita 40 kwa saa, kwa sababu mkondo ule haupo juu ya Sahara ya kusini wala karibu na Ikweta. Wakati wa kwenda, kasi ya ndege juu ya ardhi inakuwa kilomita 860, na safari ya angani inachukua takribani saa kumi na tatu na dakika arobaini na sita. Wakati wa kurudi kasi inakuwa kilomita 940, na muda unashuka hadi saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Tofauti ni zaidi ya saa nzima, ingawa umbali haukubadilika hata kwa mita moja.

Juu ya hayo, muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inaposogea kutoka maegesho ya Nairobi hadi inapoegeshwa New York. Ndani yake mna kutembea uwanjani, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda polepole, na mizunguko ya kusubiri ruhusa ya kutua. Uwanja wa New York una msongamano mkubwa, na mpangaji mwangalifu huweka akiba. Ndiyo maana safari za moja kwa moja zilipoanza tarehe 28 Oktoba 2018, muda uliotangazwa ulikuwa saa kumi na tano kwenda na takribani saa kumi na nne kurudi. Dada yako amekueleza kweli.

Nitaongeza jambo moja ambalo abiria wengi hawaambiwi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege na injini nazo hupoteza sehemu ya uwezo wake, hasa mchana kunapokuwa na joto. Ndege yenye safari ya kilomita zaidi ya 11,000 hubeba mafuta mengi mno. Matangi ya Dreamliner ya aina ya 787-8 yana nafasi ya lita zaidi ya 126,000. Kuruka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunaisaidia sana ndege iliyolemewa hivyo, na uwanja wa Nairobi una bahati ya kuwa na njia ndefu ya kurukia, inayozidi kilomita nne. Addis Ababa iko juu zaidi, kiasi cha mita 2,330, na ndege zinazotoka huko kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani, kwa mfano Dublin au Lomé, kuongeza mafuta, ingawa wakati wa kurudi huweza kuunganisha moja kwa moja. Huo ni mfano mwingine wa umbali uleule kutoa muda tofauti.

Dada wa Bronx amejibu:

Ndugu Mwana wa Kisauni, kwanza mpe mama pole na hongera kwa safari. Mpangasafari ameeleza ya angani. Mimi ninaishi huku na nimempokea mama yangu mwenyewe katika uwanja huo, kwa hiyo nitaeleza habari ya saa.

Saa saba alizokutajia wakala zimetokana na kutoa 23:25 kutoka 06:25, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu saa ya kwanza ni ya Nairobi na ya pili ni ya New York. Kila tiketi huandika wakati wa mahali ndege ilipo. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na haibadiliki mwaka mzima. New York iko saa tano nyuma wakati wa baridi, na saa nne nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo tofauti kati ya Mombasa na New York ni saa nane wakati wa baridi na saa saba katika miezi mingine.

Ninakushauri uisome ratiba yote kwa saa ya nyumbani. Mama anaondoka saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Akifika New York saa 06:25 asubuhi wakati wa baridi, kule Mombasa itakuwa saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Kutoka saa tano usiku hadi saa nane mchana ni saa kumi na tano, na hakuna njia nyingine ya kuhesabu. Ukisafiri Julai, usitumie mfano huu jinsi ulivyo, kwa sababu tofauti ya saa imekwishabadilika, na mashirika hurekebisha ratiba zao kila msimu. Soma tarehe ya tiketi yako, kisha ufanye hesabu upya.

Jambo ambalo ni zito kwa mzee ni giza. Ndege inafukuzana na usiku kuelekea magharibi, kwa hiyo usiku wa mama utakuwa mrefu kuliko usiku wowote aliouzoea. Ataondoka gizani, atalala, ataamka, na bado nje kutakuwa na giza, huku mwili wake ukimwambia kwamba ni mchana. Mweleze mapema ili asihangaike akidhani kwamba saa yake imeharibika. Atakapofika, kwa siku kadhaa atapata usingizi mapema jioni na kuamka alfajiri ya mbali. Wakati wa kurudi Mombasa mambo hugeuka, na kwa watu wengi kurudi mashariki ndiko kunakochosha zaidi, ingawa saa za ndani ya ndege ni chache.

Usisahau pia kwamba kutua si mwisho. Kuna foleni ya uhamiaji, kuna mizigo, na ikiwa ndege kadhaa zimetua pamoja, saa moja au zaidi inaweza kupita kabla ya kumkumbatia bintiye. Omba huduma ya kiti cha magurudumu unapokata tiketi, wala usisubiri siku ya safari, hata kama mama anatembea vizuri. Anayesukumwa na mhudumu hasimami kwenye foleni ndefu, na hapotei katika korido zile.

Mwana wa Kisauni ameandika:

Nawashukuru sana, mzee wangu Mpangasafari na dada yangu. Nimechora hesabu ya saa kwenye karatasi na mama ameielewa mara moja. Swali langu la tatu bado linanisumbua, kwa sababu tofauti ya nauli si ndogo. Je, kupitia Dubai au Amsterdam kunarefusha safari kwa kiasi gani?

Mkazi wa Kinondoni amejibu:

Shikamoo zangu zifike kwa Bi Mkubwa. Sisi wa Dar es Salaam hatuna ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani, kwa hiyo kuunganisha ndege ndiyo desturi yetu, na hesabu hii nimeifanya mara nyingi kwa ajili ya ndugu na jamaa.

Nairobi hadi Amsterdam ni karibu kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York ni karibu 5,850. Jumla ni kilomita 12,530 hivi, yaani takribani 690 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Hii ni kwa sababu Ulaya ya magharibi haiko mbali na ule uzi alioueleza mzee Mpangasafari. Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,560, lakini kutoka Dubai hadi New York ni karibu 11,000, na jumla inapita 14,500. Mama atakuwa amesafiri kilomita zaidi ya 2,700 za ziada, kwa kuwa ameanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali anakokwenda ni magharibi. Kwa kasi ya ndege hizo, kilomita hizo ni saa tatu za ziada angani.

Hata hivyo, mimi naona kwamba kilomita si kitu cha kuamulia katika jambo hili. Linalomaliza nguvu za mzee ni muda wa kusubiri kati ya ndege na ndege. Tiketi ya bei ndogo mara nyingi ina kusubiri kwa saa nane, kumi, au zaidi, kwenye kiti cha chuma, katika uwanja ambao lugha yake haijui, huku tangazo la lango jipya likitolewa kwa haraka. Kwa upande mwingine, kusubiri kwa saa moja na nusu kunatia wasiwasi, maana ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili inaondoka bila yeye. Mimi hupendelea nafasi ya kati ya saa mbili na nusu na saa nne, na hukataa tiketi yoyote ambayo vipande vyake viwili vimenunuliwa kwa namba tofauti za uhifadhi, kwa kuwa shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpangia ndege nyingine.

Kwa kijana mwenye afya, ningesema okoa fedha upite Dubai. Kwa mama wa umri huo anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, ningelipa nauli ya moja kwa moja, na kama uwezo haupo, Amsterdam ingekuwa chaguo la pili, kwa sharti kwamba huduma ya kiti cha magurudumu imethibitishwa katika viwanja vyote vitatu.

Muuguzi wa Nakuru amejibu:

Naongeza machache yanayohusu afya. Katika ndege nyingi hewa ya ndani huwa sawa na ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 2,400 hivi. Katika Dreamliner hushikiliwa kwenye kiwango cha mita 1,800 hivi, ambacho hakiko mbali na kimo cha Nairobi yenyewe. Kwa mtu aliyezoea usawa wa bahari Mombasa, hiyo ni nafuu ya kweli, lakini bado ni vyema amwone daktari wake kabla ya safari.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Muombe daktari huyohuyo amwandikie ratiba ya dawa kwa saa ya Nairobi kwa muda wote wa safari, na maelezo ya jinsi ya kuhamia saa ya New York baada ya kufika, kwa sababu tofauti ya saa saba au nane inaweza kumfanya mgonjwa ameze dozi mbili karibukaribu au aruke moja. Mchagulie kiti cha kando ya njia ili aweze kunyanyuka bila kuwasumbua majirani, anyooshe miguu kila baada ya muda, na anywe maji ya kutosha. Kukaa bila kujongea kwa saa nyingi kunaweza kusababisha damu kuganda miguuni, na hatari hiyo huongezeka kwa umri. Aulize pia kama soksi za kubana zinamfaa, kwa maana si kila mtu anapaswa kuzivaa.

Mwana wa Kisauni ameandika:

Mungu awalipe kheri. Tumekubaliana nyumbani kwamba mama atakwenda kwa ndege ya moja kwa moja, na dada yangu amejitolea kuchangia nauli. Limebaki jambo la kumfikisha Nairobi. Je, treni inafaa, au ni bora apande ndege kutoka uwanja wa Moi hapa Mombasa?

Mpangasafari Mstaafu amejibu:

Ndege kutoka Mombasa ni karibu kilomita 425 na hukaa angani chini ya saa moja, lakini ukitumia ndege hakikisha kwamba imo katika tiketi ileile ya New York, kwa sababu iliyoelezwa na ndugu wa Kinondoni. Treni kutoka kituo cha Miritini, Mombasa, huchukua kati ya saa tano na sita hadi kituo cha Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, na kituo hicho kiko karibu zaidi na uwanja wa Jomo Kenyatta kuliko kilivyo karibu na katikati ya jiji. Ukichagua treni, chukua ya asubuhi, mama apumzike kwa jamaa hadi jioni, na awe uwanjani kabla ya saa mbili na nusu usiku. Ya alasiri usiitegemee kwa ndege ya usiku huohuo, kwa kuwa ikichelewa hata kidogo muda wa ukaguzi utakuwa umebana. Ukijumlisha siku nzima kuanzia mlangoni kwenu Kisauni hadi mlangoni kwa dada yako, itakuwa zaidi ya saa thelathini kwa treni, na pungufu kidogo kwa ndege. Mwambie mama idadi hiyo mapema, wala si ile kumi na tano peke yake, ili ajiandae kwa safari yote.